Kilemba cha Mwalimu

Wazee wetu wa Pwani walikuwa na ada moja ambayo leo inaelekea kusahauliwa, na pamoja nayo inasahauliwa hekima iliyokuwa ndani yake. Kijana alipopelekwa kwa fundi kujifunza kushona, useremala au uashi, hakuandikiwa mkataba. Alikaa na fundi wake, akatumwa maji na mkaa, akafagia, akatazama, akashika kazi ndogo, kisha kubwa, mpaka siku ile fundi aliposema: sasa waweza kujitegemea. Siku hiyo mwanafunzi, au wazee wake, walimpa fundi kitu kilichoitwa kilemba. Kiwe ni kilemba hasa cha kuvaa kichwani au kiwe ni fedha, jina lilikuwa hilo hilo. Kungwi naye alipewa chake alipomtoa mwali. Mwalimu wa chuo alipewa chake mtoto alipohitimu.

Hebu izingatie ada hii. Kilemba hakikuwa sadaka, maana sadaka hupewa mhitaji, na fundi huenda akawa na mali kuliko mwanafunzi wake. Wala hakikuwa mshahara, kwani hakikuhesabiwa kwa siku wala kwa saa. Kilikuwa ni haki, na kilitolewa kwa heshima. Aliyekitoa alikuwa akikiri mbele ya watu kwamba mkono wangu huu una mkono wa mtu mwingine ndani yake.

Leo ukitaja kilemba pale Kariakoo, mtu atadhani unatafuta fremu ya duka. Neno limehamia kwa wenye nyumba, na mwalimu ameachwa kichwa wazi.

Lakini Kiswahili chetu kina kilemba kingine, nacho ni kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani tu. Anayekuvisha kilemba cha ukoka anakusifu kwa maneno matupu. Jioni umependeza, asubuhi kimenyauka. Leo nataka tuzungumze juu ya vilemba hivi viwili, nawe utaona kwamba tofauti yake ni kubwa katika maisha yetu. Mfano nitauchukua mahali ambapo pengine hukutarajia, yaani katika bendi za dansi za Dar es Salaam.

Huenda ukauliza: mambo ya dansi yatuhusu nini sisi? Mimi siandiki leo ili kuhukumu dansi. Wenye elimu wamekwisha sema mengi juu ya nyimbo na ala, na kila mtu ajua pa kuuliza. Lakini haki ya mtu ni haki ya mtu. Huwezi kula deni la muuza samaki kwa sababu wewe hupendi harufu ya samaki. Na wengi wetu tunaosema kuwa hatuna habari na muziki, samaki huyo tumemla: tumemsikia redioni tukinyoa nywele, tumemsikia katika daladala tukienda Temeke au Kinondoni, na maneno yake tumeyatumia kuwaonya watoto wetu, ingawa hatukuuliza ni nani aliyeyatunga.

Basi tuanze na namna muziki ule ulivyofundishwa. Wanamuziki wengi wa dansi hawakupitia shule ya muziki. Chuo chao kilikuwa bendi yenyewe. Kijana alitoka Kisarawe, Rufiji, Kigoma au Tanga akiwa na sauti nzuri, na pengine akijiona amekamilika. Alipopokewa aliwekwa pembeni akaambiwa aanze kwa kuitikia. Kuitikia ni darasa gumu kuliko kuimba peke yako. Mwenye kuitikia lazima asikie sauti ya mwenzake kabla ya kutoa yake. Akipaza kupita kiasi ameharibu, akichelewa ameharibu. Hivyo somo la kwanza alilolipata kwa mkubwa wake lilikuwa ni kusikiliza.

Somo la pili lilikuwa ni kujizuia. Katika bendi hizo magitaa ni kadhaa, nayo kila moja lina njia yake: liko la solo, liko la rithimu, liko la besi. Mpiga rithimu akitaka naye asifiwe kama wa solo, wimbo unakuwa ugomvi. Mkubwa hakulieleza jambo hili kwa hotuba. Alimtazama tu kijana katikati ya mazoezi, na kijana akajua kwamba amezidisha.

Somo la tatu lilikuwa ni maneno. Wimbo wa dansi wa zamani huanza taratibu kwa kisa: mke aliyeachwa, rafiki aliyegeuka, mtoto aliyesahau wazazi. Kisha unachemka na watu wanacheza. Mtunzi alifunzwa kukisema kisa hicho kwa namna ambayo mkwe na mama mkwe wangeweza kukisikia wakiwa chumba kimoja. Kwa hiyo alijifunza mafumbo, na mafumbo ni adabu ya lugha.

Sasa angalia majina. Bendi ya wafanyakazi, NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ndiyo ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma. Msondo ni jina la ngoma ya Pwani inayopigwa katika unyago, pale ambapo kungwi humfunda mwali. Sidhani kama ni bahati tu kwamba jina lililodumu kuliko majina yote ya vyama na jumuiya ni hilo la ngoma ya kufundia.

Katika bendi hiyo tangu ilipoanzishwa alikuwamo Muhidin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Masaki, Kisarawe, mwaka 1940. Jina lake mwenyewe lina neno Maalim ndani yake. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, ile Sikinde ya watu; mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound, wenye mtindo wa Ndekule; baadaye akarudi Msondo. Waimbaji waliosimama naye jukwaani ni wengi, kuanzia Hassan Bitchuka mwenye sauti nyembamba ya juu mpaka T.X. Moshi William aliyefariki mwaka 2006. Mtu aliyekaa kazini muda huo wote, katika bendi zilizobadilika watu kila mara, huwa ni mwalimu hata kama hakuna aliyempa cheo hicho.

Mwezi Agosti mwaka 2013 mzee Gurumo alitangaza kustaafu muziki. Hapo ndipo wengi walipojua kwamba baada ya karibu miaka 50 ya kuimba hakuwa na gari. Kijana mmoja wa Tandale, Naseeb Abdul, ambaye watu wanamjua kwa jina la Diamond Platnumz, akamzawadia gari mbele ya hadhara. Mwezi Aprili mwaka 2014, miezi minane tu baadaye, mzee akafariki dunia, akazikwa kwao Masaki.

Ndugu msomaji, kisa hiki kilisifiwa sana, na kwa haki. Kijana alifanya jambo jema. Lakini ukikitazama vizuri utaona kina swali ndani yake. Kijana yule hakuwa mwanafunzi wa mzee Gurumo. Hakuimba naye Msondo wala Sikinde. Alizaliwa mwaka 1989, na muziki wake ni wa kizazi kingine. Aliyelipa, basi, si yule aliyekopa. Na sisi wengine tuliokuwa tukidaiwa tulifanya nini? Tulipiga makofi. Tulimsifu mtoaji, tukamsifu mpokeaji, tukarudi nyumbani tukijihisi kana kwamba na sisi tumetoa. Sifa zetu hizo zilikuwa ukoka.

Najua majibu yanayotolewa katika jambo hili, nami nataka tuyapime moja moja kwa uadilifu.

Wa kwanza husema: wanamuziki wale walikuwa na mshahara. Bendi zilikuwa za vyama, za majeshi na za mashirika. Ala zilikuwa za mwajiri, na mwanamuziki alilipwa mwisho wa mwezi kama karani. Kwa hiyo deni limekwisha. Jibu langu ni hili: mshahara ulilipwa kwa kazi ya kupiga dansi. Kumfundisha kijana aliyeingia jana, kumwachia ubeti mmoja wa kuanzia, kumsahihisha bila kumvunja moyo, hayo hayakuwa katika hesabu ya mwajiri yeyote. Mwalimu aliyatoa mfukoni mwake.

Tena hata hiyo kazi iliyolipwa haikulipwa yote. Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi katika studio zake, nyimbo zikawa zikipigwa mwaka baada ya mwaka. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, hivyo nyimbo zilizotoka katika santuri zilipitia Nairobi. Zilipokuja kaseti, moja ilizaa mia katika vibanda vya kunakili, na mtunzi hakupata hata thumni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7, ilipitishwa mwaka 1999, nayo inampa mtunzi haki yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ni sheria njema. Lakini ilipokuja, Mbaraka Mwinshehe alikuwa amekwisha fariki tangu Januari 1979, na Marijani Rajabu tangu 1995.

Wa pili husema: mwalimu alifundisha kwa hiari yake, hakudai kitu, na kilichotolewa bure hakidaiwi. Maneno haya yana ukweli nusu. Ni kweli kwamba mwalimu hawezi kusimama barazani akadai fadhila yake. Akifanya hivyo atakuwa ameiharibu kwa masimbulizi. Lakini kule kutodai kwake ni uungwana wake yeye. Hakukuondolei wewe wajibu wako. Mtu asiyekudai haina maana kwamba humdai-humdaiki. Mama yako hakukuandikia hati ya maziwa, nawe wajua mwenyewe kama unadaiwa au hudaiwi. Tena yafaa tuone haya zaidi kwa deni lisilo na hati kuliko lenye hati, kwa sababu lenye hati litalindwa na mahakama, na lisilo na hati halina mlinzi ila dhamiri yetu.

Wa tatu husema, naye husema kwa sauti ya chini: lakini wale walikuwa watu wa starehe, fedha waliipata wakaitapanya. Pengine wako waliotapanya, na wako wasiotapanya. Lakini deni halifutwi kwa tabia ya mwenye kudai. Ukinunua mkaa kwa mtu, humlipi baada ya kuuliza fedha ataipeleka wapi. Anayelipa kwa masharti ya namna hii hatafuti wema wa mwenzake, anatafuta njia ya kubaki na fedha yake.

Wa nne ndiye mwenye hatari zaidi, kwa kuwa anafanana na mtu mwema. Huyu husema: nitamsaidia. Mzee akilazwa hospitali, huenda na picha akapigwa. Mzee akifa, mchango wake ni mkubwa. Hebu tufikiri pamoja. Kumsaidia mgonjwa na kumzika maiti ni mambo makubwa, hapana anayebisha. Lakini ikiwa fedha ile ilikuwa ni haki yake, nawe ukaikalia miaka 20, kisha ukampa kidogo katika hiyo ukaiita msaada, umefanya nini? Umemnyima haki yake, halafu ukajichumia sifa kwa mali yake mwenyewe. Umemchukulia mara mbili. Naye, maskini, analazimika kukuombea dua na kukushukuru.

Hapo ndipo ninapoona hekima ya wazee katika lile neno kilemba. Hawakusema "msaada wa fundi." Walijua kwamba msaada humwinamisha kichwa anayepokea, na kilemba humwinua.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Si kila mkubwa ni mwalimu. Tuchukue mfano wa kijana wa Tandika anayejifunza gitaa kwa mpigaji mashuhuri. Mkubwa yule anambebesha maspika miaka mitatu, akifika penye siri ya mkono anampa mgongo asione vidole. Kijana akitunga wimbo, mkubwa anautia jina lake. Je, huyu naye anastahili kilemba? Kwa maoni yangu, anastahili adabu kwa umri wake, na malipo kwa lile dogo alilofundisha, basi. Kilemba hutolewa kwa aliyemtoa mwanafunzi, si kwa aliyemfungia. Mwalimu hasa hujulikana kwa jambo moja: hafurahi mpaka amwone mwanafunzi wake anaweza kufanya kazi yeye akiwa hayupo. Na huyo kijana wa Tandika, akiwa mkubwa, asiseme kwamba kwa kuwa yeye alifichwa naye atawaficha wengine. Dhuluma hailipwi kwa kumdhulumu mtu wa tatu.

Sasa utaniuliza: kilemba cha leo ni kipi, nasi hatuna tena ada ile? Nafikiri kina sehemu nne, na kila mmoja wetu, awe mwanamuziki, fundi cherehani, mwalimu wa shule au mpishi wa shughuli, ana yake ya kutoa.

Sehemu ya kwanza ni kumtaja. Bi Kidude wa Unguja alipokuwa kijana alimsikiliza Siti binti Saad, yule mwanamke wa Fumba ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za nyimbo za Kiswahili. Siti alifariki mwaka 1950. Mwaka 2005 Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX huko Ulaya, naye mpaka alipofariki mwaka 2013 hakuacha kuimba nyimbo za Siti na kulitaja jina lake. Kumtaja mwalimu hakukumpunguzia Bi Kidude hata chembe ya sifa. Lakini wako kati yetu wanaotaka kuonekana kama kwamba walizaliwa wanajua. Wahenga walituonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Sehemu ya pili ni kumlipa kilicho chake kwa njia ya haki. Anayepiga wimbo wa mtu katika ukumbi wake wa Kinondoni au baa yake ya Temeke ili avute wateja, anauza jasho la mtu. Anayeufanya upya wimbo wa mzee bila kumwuliza mzee wala warithi wake, amechukua kitu ndani ya nyumba ya watu. Kusema "ninamuenzi" hakumwondolei jina la kuchukua.

Sehemu ya tatu ni kumfika akiwa hai. Twajua sana kwenda makaburini, hatujui kwenda nyumbani. Mzee aliyestaafu pale Makuburi au Mtoni hataki hotuba; anataka mwanafunzi wake aje Jumapili, akae mkekani, amwulize: mwalimu, ule wimbo uliutunga vipi? Swali hilo litamfurahisha kuliko khanga na sukari, ingawa khanga na sukari zisisahauliwe.

Sehemu ya nne ni kumfundisha mwingine. Deni la elimu lina ajabu yake: hata ukimlipa mwalimu vyote alivyostahili, bado limebaki fungu ambalo hawezi kulipokea yeye, isipokuwa alipokee yule kijana aliyesimama mlangoni kwako leo anachungulia kazi yako. Ukimfukuza huyo, umekata uzi ambao hukuuanza wewe.

Nami nitamalizia kwa methali uijuayo: mcheza kwao hutunzwa. Watu wa Pwani walipoisema walifikiria ngomani, ambapo mtu akipendezwa na mchezaji huingia uwanjani akamtunza kwa fedha. Lakini kutunza kwa Kiswahili ni pia kulea, kuhifadhi, kumwangalia mtu asiharibike. Lugha imeyaweka mambo mawili katika neno moja, nasi tumeyatenganisha: twamtunza mchezaji usiku akiwa uwanjani, asubuhi akiwa kitandani hatumtunzi.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujafunga ukurasa huu, mkumbuke mtu mmoja aliyekufundisha kazi unayokulia leo. Usitafute mbali. Jiulize yuko wapi, anaishije, na mara ya mwisho ulipomwona ilikuwa lini. Ikiwa yu hai, wajua la kufanya, na dawa ya deni ni kulipa. Ikiwa amefariki, amewaacha watoto, na amekuacha wewe ukiwa na mikono iliyofundishwa. Mlango wako usiwe umefungwa akija mtu mwenye kutaka kujifunza.